Binti Yetu Aliye Kambini: Huduma kwa Familia za Wanajeshi Zinapoguswa na Ukatili wa Nyumbani

Si jambo geni tena katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kukuta familia yenye mtoto aliyeko Marekani, na miongoni mwa watoto hao wapo wanaovaa sare za jeshi la nchi hiyo, au walioolewa na wanaume wanaozivaa. Njia zilizowafikisha huko ni nyingi. Wengine walikwenda kwa masomo, wengine kwa bahati nasibu ya viza, wengine walipokelewa kama wakimbizi kutoka Kongo na Burundi. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2016 jeshi la Marekani lenyewe lilikuwa na mpango wa kuandikisha wageni waliokuwa nchini humo kihalali, wenye ujuzi wa tiba au wa lugha zilizohitajika, na Kiswahili kilikuwa mojawapo ya lugha hizo. Sisi tuliobaki nyumbani huona picha za sare iliyopigwa pasi na nyumba nzuri ya kambini, tukamshukuru Mungu kwa haki.

Lakini ipo simu nyingine ambayo mzazi huipokea usiku, kwa sababu huko ni mchana na mume yuko kazini. Binti anasema kwa sauti ya chini kwamba anapigwa, au kwamba amenyang'anywa kitambulisho na simu, au kwamba mume ameapa kumrudisha Afrika bila watoto. Mama hajui kambi ikoje, hajui nani mkubwa wa nani, na neno linalomjia kwanza ni lile alilorithi: vumilia, mwanangu. Tumeona ni vema kueleza kwa kirefu ni huduma zipi zilizopo kwa ajili ya familia za wanajeshi wa Marekani, zinafanyaje kazi na wapi zina kikomo, ili simu ya namna hiyo inapopigwa jibu liwe zaidi ya neno hilo moja. Na pale tunaposema binti, msomaji asisahau kwamba anayeteswa aweza pia kuwa mwana wetu wa kiume, na kwamba binti mwenyewe aweza kuwa ndiye askari.

Mama Kanisa hamlazimishi mtu akae apigwe

Tunaanza hapa kwa sababu wengi hukwama hapa. Mwanamke Mkatoliki aliyefunga ndoa takatifu hudhani kwamba kuondoka nyumbani ni kuvunja kiapo mbele ya Mungu, na ndugu zake humwongezea mzigo huo wakidhani wanailinda imani yake. Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa, katika kanuni ya 1153, husema wazi kwamba mwenzi anayemletea mwenziwe au watoto hatari kubwa ya roho au ya mwili humpa mwenziwe sababu halali ya kutengana naye. Kwa kawaida kutengana huko huidhinishwa na Askofu mahalia, lakini pale ambapo kuchelewa ni hatari, mwenzi anayeonewa aweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Sheria yenyewe imeliona jambo la dharura. Haimtaki mtu asubiri barua kutoka jimboni ilhali anakimbizwa kwa kisu.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika Wosia wake wa Kitume Amoris laetitia, yaani Furaha ya Upendo, wa mwaka 2016, alilitaja jambo hili mara mbili. Katika aya ya 54 aliukemea ukatili wa maneno, wa kimwili na wa kijinsia ambao wanawake hutendewa ndani ya ndoa, akasema kwamba unapingana na kiini chenyewe cha muungano wa ndoa. Katika aya ya 241 alifundisha kwamba zipo nyakati ambapo kutengana hakuepukiki, na huweza hata kuwa wajibu wa kimaadili, inapohitajika kumwondoa mwenzi aliye dhaifu au watoto wadogo katika majeraha ya manyanyaso. Maaskofu wa Marekani walikuwa wamekwisha kutoa barua ya kichungaji juu ya ukatili dhidi ya wanawake mwaka 1992, wakaipitia upya mwaka 2002, wakifundisha kwamba hakuna anayetarajiwa kubaki katika ndoa yenye ukatili.

Kutengana si kubatilisha ndoa wala si kufunga nyingine. Kifungo kinabaki mpaka Mahakama ya Kanisa itamke vinginevyo, kama kuna sababu ya kuiendea. Mwamini aliyetengana kwa usalama wake na anayeishi bila muungano mwingine haondolewi katika Meza ya Bwana kwa sababu ya kutengana huko. Tunalisema hili kwa mkazo kwa kuwa tunajua wapo wanaojizuilia wenyewe Komunyo kwa miaka, na wapo pia wanaozuiliwa na midomo ya majirani.

Kwa nini nyumba ya askari hubeba mzigo wa pekee

Hatusemi kwamba askari ni watu wakatili. Familia nyingi za wanajeshi huishi kwa upendo na kwa sadaka ambayo raia hatuijui. Hata hivyo mazingira ya maisha hayo huyafanya maovu yanayopatikana katika nyumba yoyote kuwa magumu zaidi kuonekana na kuponywa. Familia huhamishwa kila baada ya miaka michache. Mke huacha kazi, marafiki na parokia, akaanza upya katika mji asiomjua mtu. Mume hutumwa ng'ambo kwa miezi mingi, naye anaporudi hukuta watoto wamezoea kuishi bila yeye, na mke amezoea kuamua mwenyewe. Kipato mara nyingi ni kimoja, na nyumba yenyewe ni ya jeshi.

Zaidi ya hayo, katika lugha ya jeshi lile askari huitwa mdhamini, na mke na watoto huitwa wategemezi. Kitambulisho kinachomwingiza mke getini, hospitalini na katika duka la kambi amekipata kupitia kwa mume. Mume mwema haoni hata kama jambo hilo lina nguvu. Mume mbaya hulitumia kila siku: bila mimi wewe si mtu hapa. Na mke, hata anapopigwa, hukaa kimya kwa hofu kwamba taarifa moja itamwachisha mume kazi na wote watalala njaa.

Nchi ile imelipa gharama kubwa kwa kimya hicho. Katika kiangazi cha mwaka 2002, katika kambi ya Fort Bragg, North Carolina, wake wanne wa askari waliuawa na waume zao katika muda wa majuma sita hivi. Watatu kati ya waume hao walikuwa wamehudumu Afghanistan. Timu ya jeshi iliyotumwa kuchunguza ilitaja migogoro ya ndoa, na ilitaja pia vikwazo vinavyomfanya askari asiombe msaada, mojawapo hofu ya kuharibu kazi yake. Vita ilitajwa sana katika magazeti wakati ule. Sisi tunadhani jambo la pili ndilo lenye mafundisho zaidi, kwa sababu mtu aweza kurudi vitani akiwa na jeraha la moyo na asimguse mkewe kwa ubaya kamwe. Jeraha la vita linahitaji tabibu. Mkono unaompiga mke unahitaji kuzuiwa. Kulichanganya hili na lile kumewaponza wengi.

Mwaka 2017, tarehe 5 Novemba, mtu mmoja aliingia kwa silaha katika kanisa la ndugu zetu Wabaptisti huko Sutherland Springs, Texas, wakati wa ibada ya Jumapili. Waliouawa walihesabiwa kuwa 26, pamoja na mtoto aliyekuwa bado tumboni. Mtu huyo aliwahi kuwa askari wa jeshi la anga, na mwaka 2012 mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani kwa kumpiga mke wake na mtoto wa mkewe. Tangu mwaka 1996 sheria ya Marekani humkataza aliyetiwa hatiani kwa ukatili wa nyumbani kumiliki bunduki, hata kama kosa lilihesabiwa dogo, wala askari hana msamaha katika sheria hiyo. Lakini kumbukumbu ya hukumu ile haikupelekwa kwenye orodha ya polisi wa taifa, naye akauziwa silaha dukani. Wako wanaosema ya nyumbani yaachwe nyumbani. Waumini wa kanisa lile hawakuwa na uhusiano wowote na ndoa ya mwaka 2012.

Ofisi ya utetezi wa familia

Kila tawi la jeshi la Marekani lina huduma iitwayo Family Advocacy Program, nasi tutaiita hapa Mpango wa Utetezi wa Familia. Tunalitaja jina la Kiingereza kwa sababu ndilo lililo kwenye kibao cha ofisi, na ndilo ambalo binti atahitaji kulitamka. Wizara ya Ulinzi iliupa mpango huu agizo lake rasmi mwaka 1981, na kazi yake ni kuzuia ukatili, kuwalinda wanaotendewa, na kuwatibu wanaotenda pale wanapotibika.

Upande wa kuzuia ni mpana kuliko watu wanavyodhani. Kuna mafunzo ya ndoa na ya kutawala hasira. Kuna wauguzi na wafanyakazi wa ustawi wa jamii wanaowatembelea nyumbani wazazi wenye watoto wachanga, hadi mtoto anapofikisha miaka 3 au zaidi kidogo kutegemea tawi la jeshi. Kwa mama kijana aliyejifungua maelfu ya maili kutoka kwa bibi na shangazi zake, mgeni huyo ni karibu na ndugu. Askari na mwenzi wake waweza pia kupata mshauri bila malipo kwa njia ya huduma iitwayo Military OneSource, hadi vikao 12 kwa kila mtu kwa kila tatizo.

Hapa lazima tutoe tahadhari, kwa kuwa wengi huumia kwa kutoijua. Mshauri wa vikao hivyo hutunza siri ya mazungumzo ya kawaida, ila anapoambiwa kuna kupigwa ndani ya nyumba au kuna mtoto anayedhulumiwa, hutakiwa kutoa taarifa. Kwa hiyo mwanamke anayetaka kwanza kusikilizwa kwa siri kabla kamanda hajajua, asianzie kwa mshauri huyo. Aanzie kwa mtetezi wa waathirika aliye katika Mpango wa Utetezi wa Familia, au kwa padre.

Tangu mwaka 2006 mtu mzima aliyetendewa ukatili na mwenzi wake katika familia ya kijeshi ana njia mbili za kutoa taarifa. Ya kwanza ni taarifa yenye mipaka. Humwambia mtetezi, au mtaalamu wa mpango huo, au mhudumu wa afya wa jeshi, naye hupata matibabu, ushauri na msaada wa kupanga usalama wake, bila kamanda wala polisi kujulishwa. Ya pili ni taarifa ya wazi: kamanda hujulishwa, uchunguzi hufunguliwa, na ulinzi wa amri huweza kutolewa. Aliyechagua ya kwanza aweza baadaye kuingia katika ya pili. Kurudi kutoka ya pili kwenda ya kwanza haiwezekani, kwa sababu jambo lililokwisha kumfikia kamanda limekwisha kumfikia. Ndiyo maana jirani mwenye nia njema anayekimbilia kumwambia mkubwa wa kikosi aweza kumfungia mwathirika mlango wa siri bila kujua.

Siri hiyo ina mipaka yake. Hailindi habari za mtoto kudhulumiwa; hizo hutolewa taarifa daima. Haisimami pale maisha yanapokuwa katika hatari iliyo karibu. Na yapo majimbo, California likiwa mojawapo, ambapo sheria ya kiraia humdai mganga awajulishe polisi jeraha la kupigwa, jambo linaloweza kupunguza siri hata mwathirika asipotaka. Mtetezi ana wajibu wa kueleza yote haya kabla ya kusikiliza kisa chenyewe, na binti ana haki ya kuuliza swali moja kwanza: nikikuambia, nani mwingine atajua?

Taarifa inapokuwa ya wazi, mambo mawili huenda sambamba, na familia nyingi huyachanganya. Kamati ya wataalamu na viongozi hukaa kuamua kama tukio lina sifa za ukatili kwa mujibu wa kanuni, ili tiba ipangwe. Kamati hiyo si mahakama. Hukumu ni jambo jingine: tangu Januari 2019 sheria ya kijeshi ina kosa mahususi la ukatili wa nyumbani, na tangu tarehe 28 Desemba 2023 uamuzi wa kumshtaki askari kwa kosa hilo umetolewa mikononi mwa makamanda na kupewa waendesha mashtaka wa kijeshi wanaojitegemea. Mabadiliko hayo yalidaiwa kwa miaka mingi. Kamanda ni mtu anayemhitaji askari wake kesho asubuhi, na si rahisi kumhukumu kwa haki mtu unayemhitaji.

Amri ya zuio, mkate na karatasi

Kamanda aweza kumpa askari amri ya kutomkaribia mkewe, na hutolewa upesi, pengine siku ileile. Amri hiyo humfunga askari tu, na polisi wa kiraia nje ya kambi hawana mamlaka ya kuitekeleza. Ya mahakama ya kiraia ina nguvu zaidi: tangu mwaka 2002 sheria imetamka kwamba amri ya zuio ya mahakama ya kiraia ina nguvu ileile ndani ya kambi. Mwenye hofu ya kweli azitafute zote mbili, na mtetezi atamsaidia kujaza fomu na kumsindikiza.

Kuhusu mkate, ipo huduma ambayo wake wengi wa askari hawaijui mpaka ni kuchelewa mno. Askari aliyekuwa katika utumishi wa kudumu anapofukuzwa jeshini, au anaponyang'anywa mshahara wote kwa hukumu, kwa sababu ya kumdhulumu mke au mtoto, familia yake huweza kulipwa fidia ya mpito kila mwezi kwa muda usiozidi miezi 36, na katika kipindi hicho huendelea kupata matibabu na kutumia maduka ya kambi. Sharti ni kwamba mke asiishi tena pamoja na mtenda ukatili, wala asiolewe upya. Fidia hii iliwekwa na bunge la Marekani miaka ya 1990 kwa sababu ileile tuliyoitaja: wanawake walikuwa wakinyamaza ili watoto wale. Yafaa tuseme pia kwamba haiji yenyewe, bali huombwa, na maneno yaliyoandikwa kwenye barua ya kufukuzwa jeshini yana uzito mkubwa. Mwanasheria wa kambi anayewahudumia waathirika ayaone maneno hayo mapema.

Kwa mabinti zetu kuna jambo la tatu, nalo ndilo mara nyingi linalowafunga midomo kuliko fimbo: karatasi za ukazi. Aliyeingia Marekani kwa ndoa hutishiwa kwamba mume akiondoa saini yake tu, kesho yake atapandishwa ndege. Si kweli kwa namna inavyosemwa. Sheria ya mwaka 1994 juu ya ukatili dhidi ya wanawake humruhusu mke au mume aliyedhulumiwa na mwenzi aliye raia wa Marekani, au mwenye ukazi wa kudumu, kujiombea ukazi yeye mwenyewe bila mwenzi kuhusika. Atapaswa kuonyesha kwamba ndoa ilikuwa ya kweli, kwamba waliishi pamoja, kwamba alitendewa ukatili, na kwamba yeye ni mtu mwenye mwenendo mwema. Hata aliyetalikiwa aweza kuomba, mradi hajapitisha miaka miwili tangu talaka na talaka ina uhusiano na ukatili huo. Maofisa wa uhamiaji wamekatazwa na sheria kumfunulia mtenda ukatili habari za ombi hilo. Naye aliyepewa ukazi wa masharti wa miaka miwili, ambao kwa kawaida mume na mke huomba pamoja uondolewe masharti, aweza kuomba peke yake akieleza alichotendewa.

Haya yote yanahitaji mwanasheria wa uhamiaji au taasisi ya hisani yenye kibali. Mashirika ya Caritas katika majimbo mengi ya Marekani, ambayo huko hujulikana kwa jina la Catholic Charities, hutoa huduma ya kisheria kwa wahamiaji, mara nyingi kwa ada ndogo. Tunawasihi wasomaji wasimpeleke binti kwa mtu wa mtaani anayejaza fomu kwa fedha taslimu. Fomu moja iliyojazwa kwa uongo huharibu miaka kumi.

Padre wa kambini

Wakatoliki walio katika jeshi la Marekani na familia zao wana jimbo lao wenyewe, Jimbo Kuu la Kijeshi, lenye makao Washington. Lina Askofu Mkuu wake tangu mwaka 1985, na mwaka uliofuata Mtakatifu Yohane Paulo II alitoa Katiba ya Kitume Spirituali militum curae iliyoyapanga upya majimbo ya kijeshi duniani kote. Jimbo hilo halina parokia kama zetu. Mapadre wake huazimwa kutoka majimbo mengine na mashirika, nao ni wachache mno kwa idadi ya waamini. Yaweza kutokea kambi isiwe na padre Mkatoliki kwa miezi. Kwa mzazi anayetafuta cheti cha ubatizo au cha ndoa iliyofungwa kambini, ajue kwamba vitabu vyake hutunzwa Washington, si katika kanisa la kambi.

Lakini palipo na padre, mwathirika amepata sikio ambalo hakuna kamanda awezaye kulifungua. Siri ya kitubio haivunjwi kwa sababu yoyote ile, kama kanuni ya 983 isemavyo. Hata nje ya kitubio, sheria ya kijeshi huyalinda mazungumzo ya kiroho kati ya mtu na kapelani. Padre huyo hawezi kumshtaki mume wala kutoa amri ya zuio. Aweza kumwambia mwanamke kwamba hatendi dhambi akiondoka, na kumwongoza hatua kwa hatua hadi mlango wa mtetezi. Tungependa pia mapadre wasiwaite mume na mke waketi pamoja kusuluhishwa pale ambapo mmoja anamwogopa mwenziwe. Suluhu ya namna hiyo hufaa kwa waliogombana. Aliyepigwa hatasema kweli mbele ya ampigaye, na akiisema, atailipia akifika nyumbani.

Huku kwetu

Yapo mambo ya kulinganisha. Kenya na Uganda zina majimbo ya kijeshi ya Kikatoliki. Tanzania haina, na wanajeshi wake huhudumiwa na majimbo ya kawaida walimo. Askari wa nchi zetu nao hutumwa mbali, Somalia na mashariki ya Kongo, nao hurudi na yale waliyoyaona. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inamkana yeyote anayedai kwamba ana haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, na polisi wana madawati ya jinsia na watoto vituoni. Kenya ina Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015, na simu ya bure 1195. Sheria hizo haziulizi kama mtuhumiwa ana sare au hana. Mke wa askari anayeishi kota za jeshi huziogopa zaidi ya jirani yake raia, na hapo ndipo WAWATA na viongozi wa jumuiya wanapoweza kumsindikiza, maana mtu anayefika kituoni na wenzake wawili husikilizwa vingine kuliko aliyefika peke yake.

Simu inapopigwa

Mzazi aliye nyumbani hawezi kufanya yote, ila anayoweza si madogo. Kwanza amwamini binti, asimwulize alimkosea nini mume. Amwulize kama anaongea akiwa salama, na kama simu ile ni yake peke yake, kwa kuwa waume wengi hufuatilia ujumbe. Kama kuna hatari wakati huohuo, binti apige 911. Kama anahitaji mtu wa kuzungumza naye, nchini humo kuna simu ya taifa ya ukatili wa nyumbani, 1-800-799-7233, inayopokelewa usiku na mchana, na aweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Aombe mkalimani hata kama Kiingereza anakijua. Watu wengi husimulia maumivu yao vizuri zaidi kwa lugha waliyoanza kulilia.

Mzazi asimpigie mkwe simu kumgombeza. Tunajua uchungu wake, lakini simu hiyo humwonyesha mume kwamba siri imetoka, ilhali binti bado yuko ndani naye. Saa ya kuondoka, na siku zinazoifuata, ndizo zenye hatari kubwa kuliko zote. Basi zipangwe pamoja na mtetezi aliye kule, si kwa hasira ya huku. Vivyo hivyo asitangaze jambo hilo katika kundi la ukoo la WhatsApp, hata kwa nia ya kuomba sala, kwani kwenye makundi hayo hakosekani shemeji anayeupitisha ujumbe. Sala iombwe kwa nia isiyotaja jina.

Lipo jambo moja ambalo nyumbani hufanyika vizuri zaidi kuliko kambini, nalo ni kutunza nakala. Binti atume picha za pasipoti yake, kadi ya ukazi, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitambulisho cha kijeshi na karatasi zozote za hospitali, kisha azifute kwenye simu yake. Mzazi azichapishe, aziweke ndani ya bahasha, na bahasha hiyo, kama nyumbani hapana kufuli, aipeleke kwa paroko aitunze ofisini.